Mama anahamia mjini? Mpeni kwanza wiki sita za kujaribu

Sisi tuliopita kwenye kazi ya kea, yaani kutunza wazee kwa malipo, hapa Uingereza tunaujua utaratibu. Mzee akiingia nyumba ya wazee, mara nyingi wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni za majaribio, na kwake hapaguswi. Kwa England, halmashauri ikiwa ndiyo inayopanga matunzo, mwongozo wa Sheria ya Matunzo ya 2014 unatarajia mapitio ya kwanza wiki 6 hadi 8 baada ya mpango kukubaliwa, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Halafu mama zetu wenyewe tunawahamisha kwa simu moja ya Jumapili.

Mimi nilifanya hivyo. Mama alikuwa peke yake Tandahimba, presha inapanda, maji ya kununua kwa ndoo. Tukakubaliana ahamie kwa dada, Mtwara mjini, tukaajiri binti wa kumsaidia. Wiki ya pili nikaipangisha nyumba yake. Mwezi wa pili mama akasema anataka kwake, na kwake kuna mtu. Ilichukua miezi minne kumtoa mpangaji, na muda wote huo mama hakunisemesha zaidi ya salamu.

Kwetu Tanzania, makazi ya wazee ya serikali yapo kwa ajili ya wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo kwa wengi wetu "nyumba ya wazee" ni kwa dada, kwa mpwa, au chumba cha kupanga na mlezi wa kulipwa. Hakuna halmashauri itakayokuja kukagua. Utaratibu muuweke nyie.

Anzeni kwa mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo ulifuata upande wa mama, na kaka yake mama bado ana sauti. Akisikia habari njiani, mtakuwa na kesi mbili. Mwambieni wazi kwamba ni wiki sita, na tarehe ya kikao iko hii.

Msianze Oktoba. Korosho zinaanguka, na mzee mwenye mikorosho hata umlaze kitanda cha dhahabu atawaza shamba. Mtafuteni wa kulala nyumbani kwake na kulisha kuku. Asilipe kodi, maana anayelipa kodi hatoki kirahisi.

Siku anayofika, mpelekeni kituo cha afya na daftari lake la kliniki. Apimwe presha na uzito, muandike. Wiki ya sita mpimeni tena. Kilo zilizopungua zitawaambia mengi kuliko "mama yuko vizuri tu" ya kwenye kundi la WhatsApp. Muandike pia kama ameanguka, anavyolala, anaenda chooni mwenyewe au la, na dawa zimebaki ngapi.

Simu ndiyo kazi yako wewe wa mbali. Usipige saa ileile kila siku, maana nyumba hujipanga kwa ajili ya saa hiyo. Na zungumza na mama wakati mlezi hayupo karibu. Wazee wetu hawamsemi mtu mbele yake. Ukimuuliza hali, jibu ni "sijambo" hata kama hajala tangu asubuhi. Uliza vitu vidogo: leo mmekula nini, nani alikuogesha, umetoka barazani? Mama yangu alikuja kusema kwamba chakula hakina shida, ila hakuna wa kuongea naye Kimakonde mchana kutwa. Hilo hakuna kipimo kingelionyesha.

Kwenye kikao cha wiki ya sita mama aseme wa kwanza, mjomba afuate, wewe wa mwisho, hata kama hela ni zako. Na mlezi naye aulizwe. Huenda anambeba mtu mzima peke yake usiku na mgongo umekwisha. Mkikubaliana mama abaki, kaeni tena baada ya miezi mitatu, na kila anapotoka kulazwa.

Nauli ya kurudi Tandahimba mpeni mwenyewe tangu siku ya kwanza, aifunge kwenye pindo la khanga.