Nani kanywa dawa? Namna ya kukagua viambishi ili msomaji asipotee

Naediti maelezo ya afya kwa Kiswahili, vipeperushi na zile meseji wanazotumiwa akina mama, na sentensi iliyonifungua macho ni hii: "Mama amnyonyeshe mtoto akishanywa dawa." Nani kanywa dawa, mama au mtoto? Niliiandika mwenyewe, nikaisoma mara tatu nikaona iko sawa, mpaka mwenzangu akaniuliza. Mimi jibu nilikuwa nalo kichwani tayari so sikuona tatizo. Hiyo a- ya "akishanywa" ndo wataalamu wanaita anafora, yaani kipande cha lugha kinachorudi nyuma kumshika mtu au kitu kilichokwisha kutajwa.

Hatua ya 1: chora mishale

Kila kiambishi (a-, m-, wa-, ki-, li-, i-) kichoree mshale hadi kwenye nomino yake. Mara nyingi ngeli zinakufanyia kazi yote. Cheki hii: "Chukua kisu ulikate limau, likamue, halafu kioshe ukirudishe." Hakuna jina lililorudiwa na hakuna atakayekamua kisu, maana li- ni ya limau na ki- ni ya kisu. Kiingereza hapo kina neno moja tu kwa vyote viwili, ndo maana ukitafsiri kutoka huko usikimbilie kurudia nomino, kiambishi kinatosha.

Hatua ya 2: tafuta nomino mbili za ngeli moja

Shida nyingi ziko hapa. "Chomeka chaja kwenye simu, ikipata moto ichomoe." Ikipata moto ipi? Maneno ya kukopa mengi yanaangukia i-/zi-, simu, chaja, betri, kadi, mashine, kwa hiyo maelekezo ya vifaa yanachanganya kuliko ya jikoni. Na watu ndo kabisa, wote ni a- na m-, na "yeye" haisemi kama ni mwanamke au mwanaume.

Hatua ya 3: je, maana peke yake inaokoa?

Kuna mfano maarufu wa mtaalamu wa kompyuta Terry Winograd, wa mwaka 1972, kwa Kiswahili unakaa hivi: "Madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu waliogopa vurugu." Sasa toa "waliogopa" weka "walichochea". Sarufi ni ileile, ila wa- imehama kutoka kwa madiwani ikaenda kwa waandamanaji! Msomaji ametumia anachokijua kuhusu watu na dunia. Kwenye habari au hadithi mwachie tu afanye hivo, anaweza. Kwenye dawa usimwachie, mama anayesoma saa nane usiku huku mtoto analia na homa imepanda hana nafasi ya kukisia.

Hatua ya 4: rekebisha

Njia ziko kadhaa. "Asha alimwambia Zuhura kwamba mama yake anaumwa" hatujui mama wa nani, basi mpe Asha mdomo wake: Asha alimwambia Zuhura, "Mama yako anaumwa." Imeisha. Au tumia "huyo" kumshika aliyetajwa sasa hivi na "yule" kumrudia aliyeachwa nyuma kidogo. Au panga vitendo kwa mfuatano wake, cha kwanza kitangulie. Na ikishindikana rudia jina, shuleni tuliambiwa kurudia ni vibaya lakini kwenye kipeperushi rudia hata mara nne.

Hatua ya 5: mpe mtu asiyejua habari yenyewe

Usimuulize "umeelewa?" maana atakujibu ndiyo, watu wana adabu. Muulize "nani anakunywa dawa?" halafu mwangalie macho, yakirudi juu kwenye karatasi kutafuta ujue bado.

Yangu mwishoni ilitoka hivi: "Mama anywe dawa kwanza, kisha amnyonyeshe mtoto." Nikawauliza watu watatu, wote wakasema mama na hakuna aliyerudi kusoma tena.