Kuvuka Chalbi: Marsabit hadi Loiyangalani

Marsabit iko kwenye lami ya Nairobi hadi Moyale, takriban kilomita 530 kutoka Nairobi; ukielekea jangwa la Chalbi, unaiacha lami hiyo. Jaza tangi hapo, ongeza mitungi ya mafuta, spea mbili, pampu ya upepo na maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku.

Nenda Januari, Februari, au Juni hadi Septemba. Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka: juu ukoko mweupe wa chumvi, chini tope. Mvua ikinyesha, hata ya juzi, usikanyage weupe huo, maana gari huzama hadi ekseli na hakuna mti wa kufungia winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba). Fuata alama za malori. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi 20 psi, kisha ujaze tena kabla ya mawe ya Loiyangalani, la sivyo yatachana ubavu wa tairi.

Ukifika kijiji cha Kalacha, pumzika kwenye mikoma ya chemchemi. Agiza chai ya maziwa ya ngamia na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Hushibisha kuliko unavyodhani. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kula sato wa ziwa hilo, uone makumbusho ya jangwa, lakini usiogelee ovyo: mamba wapo.