Kupima faida ya sukuma-vuta kwa gorogoro

Sukuma-vuta ni kupanda desmodiamu, mmea wa kunde wa kulisha ng'ombe, katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya malisho kuzunguka shamba. Msimu wa kwanza nilitaka kuing'oa desmodiamu yote. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kupalilia nimeinama, nikichungulia miche ile isikatwe na jembe, na mahindi yenyewe hayakuongezeka. Kwa hiyo kama uko huku Seme, Kisumu, au popote kayongo (striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) anapochanua zambarau, fanya hesabu kwanza.

Acha mistari sita bila desmodiamu, ulinganishe na sita iliyo nayo. Isiwe kivulini. Mimi niliiacha chini ya mwembe, nikasifu desmodiamu kwa kazi iliyofanywa na kivuli! Vuna kila upande kando, upime kwa gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) ileile.

Gharama andika zote: mbegu, majani ya kuzungushia shamba (nepia au brakiaria), na siku zako mwenyewe kwa bei ya kibarua wa kijijini. Mbegu ni ndogo. Ichanganye na mchanga laini, uimwage kwenye kifereji katikati ya mistari. Ikishika haipandwi kila msimu, basi gharama yake igawe kwa misimu kadhaa.

Mapato ndipo watu wanapokosea. Mahindi ni sehemu tu. Kila mzigo wa desmodiamu na nepia unaompa ng'ombe, andika bei ambayo jirani angekuuzia. Ukishaandika majani, maziwa yaleyale usiyahesabu tena.

Gharama ya utafiti siiandiki, kwa kuwa ililipwa na wengine. Watafiti wa icipe (kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu) pale Mbita, wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na KARI ya wakati huo (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya) walianza miaka ya 1990 wakimtafuta bungua, yule funza wa ndani ya bua: harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo wake, majani ya pembeni yanamvuta. Kumbe mizizi ya desmodiamu huotesha mbegu za kayongo na kuzifanya zife kabla ya kushika mahindi. Mbegu hizo hukaa udongoni hata miaka 20, ndiyo maana msimu mmoja hautoshi kuamua.

Msimu wa tatu, mistari sita mitupu ilinipa gorogoro tano, yenye desmodiamu tisa. Sasa shemeji ameomba matawi akapande kwake, na sijui niyaandike kama zawadi au mapato.