SOMO: Kwenye poka, jua umekaa wapi kabla ya kufurahia karata

Mwezi wangu wa kwanza wa poka nilimaliza vizibo vyote vya soda kwenye kopo. Nyumbani tunachezea vizibo, hela hapana. Karata nilikuwa napata nzuri tu, K na J, A na 9, ila nilizicheza popote nilipokaa, na hapo ndipo nilipokuwa nachinjwa.

Naongelea Texas Hold'em, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kama umewahi kucheza karata za turufu barazani, jambo hili unalijua tayari: anayetupa wa mwisho ameshaona wenzake wametoa nini. Poka ni hivyo hivyo, ila hapa mpangilio unabaki uleule raundi zote za mezani mpaka mkono, yaani mgao mmoja wa karata, uishe.

Hatua ya 1: Tafuta kitufe. Ni kile kibao cha duara kinachohamia kushoto kila mkono mpya. Sisi tunatumia kifuniko cha chupa ya maji. Wa kwanza kushoto kwa kitufe analipa blaindi ndogo (dau la lazima), anayefuata analipa blaindi kubwa, wote kabla ya kuona karata zao.

Hatua ya 2: Hesabu walio nyuma yako. Tuseme mko sita. Kabla ya flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za mezani, anaanza mtu aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Huyo ana watu watano nyuma yake, na yeyote kati yao anaweza kuwa na jozi ya A. Flopu ikishafunguliwa mambo yanageuka: wa blaindi wanaanza, mwenye kitufe anamaliza. Itakuwa hivyo kwenye flopu, karata ya nne na karata ya tano. Raundi tatu nzima mwenye kitufe anasikia kwanza, ndipo anajibu.

Hatua ya 3: Chuja karata kulingana na kiti. Ukiwa wa kwanza kuongea, yaani kuamua utafanya nini, baki na jozi kubwa, A-K, A-Q na jamaa zake. Kadiri unavyosogelea kitufe ndivyo unavyofungua mlango. K-9 niliyokuwa naishupalia kiti cha kwanza ni takataka pale, lakini kwenye kitufe, kama wote wameshatupa, yaani wamejitoa kwenye mkono, napandisha dau bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Itumie nafasi. Hapa ndipo penye utamu. Blaindi ni 1 na 2. Wewe ni kitufe, una 10 na 8 za kopa, wote mbele yako wametupa. Unapandisha mpaka 5. Blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa analipia, yaani anafikisha naye 5. Katikati kuna vizibo 11. Flopu: A ya maua, 6 ya uru, 3 ya shupaza. Huna kitu! Lakini mwenzako anagonga meza, anapita, yaani haweki kitu. Unaweka 5, anafikiri kidogo, anatupa. Umekula.

Sasa badilisheni viti, karata zilezile. Unaongea kwanza, hujui kama ile A imemgusa. Ukiweka, anaweza kukupandishia. Ukipita, ataweka yeye. Karata hazijabadilika hata moja.

Annette Obrestad wa Norwei alilionyesha hili mwaka 2007: alishinda mashindano ya mtandaoni ya watu 180 akiwa amezificha karata zake, na alisema alichungulia mara moja tu. Aliwasoma watu na viti. Usijaribu na vizibo vyako, lakini ujumbe umefika.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, shule nzuri. Mbona blaindi kubwa ndiye anayeongea mwisho kabla ya flopu? Si kiti kizuri basi?*

Ni wa mwisho raundi hiyo moja tu, ndugu yangu. Zinazobaki tatu ataongea mapema, na ameshalazimishwa kuweka vizibo kwa karata asizozijua. Kwa muda mrefu hicho ndicho kiti kinachokula vizibo vyako kuliko vyote. Faida yake ni punguzo: mtu akipandisha mpaka 4, wewe unaongeza 2 tu.

*Samahani kaka, tukibaki wawili mezani kitufe kinakuwaje? Juzi tumebishana na shemeji mpaka karata zikawekwa kando.*

Dada, mwenye kitufe ndiye anayelipa blaindi ndogo. Anaanza kuongea kabla ya flopu, kisha anakuwa wa mwisho mpaka mwisho wa mkono. Msalimie shemeji, sijui nani alikuwa anasema hivyo.

*Nikiwa kiti cha katikati na wa nyuma yangu wote wametupa?*

Basi kitufe ni chako, kasoro kile kifuniko tu. Nafasi inahesabiwa kwa waliobaki kwenye mkono. Ndiyo maana ukiwa jirani wa kulia wa kitufe inafaa kupandisha badala ya kulipia tu: mwenye kitufe akitupa, umemnyang'anya kiti.

*Kwa hiyo kwenye kitufe hata 7 na 2 napandisha?*

Hapana mzee. Tupa hiyo, nenda kachukue maji, mkono unaofuata utagawiwa sasa hivi.