Pikipiki ya mbio inayolala juma zima

Kila mwaka mwezi wa tano, mvua zikishakatika na vumbi jekundu likianza kupanda, wananiletea pikipiki ambazo "hazina tatizo lolote". Mwenyewe anawasha kontaki nione kilomita: 2,800 tu tangu huduma ya mwisho. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, haijatembea hata kidogo!" Namjibu kwamba hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Garaji yangu iko Kamalondo. Zinazolisha nyumba yangu ni TVS na Boxer za teksi, lakini nahudumia pia zile kubwa za mbio, Yamaha R6, Honda CBR na ndugu zao, na mimi mwenyewe ninayo Suzuki GSX-R750 iliyotokea Afrika Kusini ikapita mpaka wa Kasumbalesa. Hapa Lubumbashi pikipiki hizi zina maisha ya ajabu. Jumatatu hadi Jumamosi zimefunikwa turubai uani. Jumapili asubuhi zinakamuliwa hadi Likasi, kilomita kama 120, na kurudi. Ukikisoma vizuri kitabu cha huduma utaona kina hesabu mbili, ya kilomita na ya miezi. Watu wetu wanasoma ya kwanza tu. Namba nitakazotaja ni za Suzuki yangu. Ya kwako, fungua kitabu chake.

Tuanze na vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri. Kitabu kinasema kila kilomita 6,000, na ikiwa mpya, ya kwanza kwenye 1,000. Mimi namwaga kwenye 4,000 au mwaka ukitimia, chochote kitakachotangulia, na filita naitoa papo hapo ingawa ningeweza kungoja. Kinachochafua mafuta kuliko safari ya Likasi ni kule kuzunguka mtaani dakika tano ili majirani wasikie sauti: moteri haipati moto wa kukausha unyevu uliomo ndani. Nunua mafuta ya 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2 mgongoni mwa kopo. Klachi ya pikipiki inaoga mafuta yale yale ya moteri, na mafuta mengi ya gari yana dawa ya kupunguza msuguano. Nimeshaletewa klachi "zilizokufa" ambazo zilihitaji mafuta sahihi tu.

Filita ya hewa kitabu kinataka ikaguliwe mara kwa mara na kubadilishwa kwenye 18,000. Aliyeandika hivyo hakuwahi kufuata lori za shaba wakati wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi mimi nafungua kila 2,000. Ukipuliza kwa kompresa, puliza kutoka upande wa moteri kuelekea nje; ukigeuza, unalipigilia vumbi ndani ya karatasi. Kisha weka tochi nyuma yake. Mwanga usipopita, usibishane nayo, badilisha.

Kinachokula muda wangu mwingi ni shene, yaani mnyororo. Kila kilomita 1,000, au ukitoka tu kwenye njia ya udongo, isafishe kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu ya meno. Hapa kwetu ukisema "petroli" wengine wanakuletea mafuta ya taa, kwa hiyo niseme wazi: esansi, ile inayoendesha pikipiki, hapana. Brashi ya waya pia hapana. Katikati ya vipande vya shene kuna vipete vidogo vya mpira vinavyofungia grisi ya kiwandani. Vikipasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na shene inaanza kuliwa kwa ndani huku kwa nje inang'aa. Ipanguse, ikauke, kisha idondoshee mafuta ya gia namba 90 ukizungusha gurudumu kwa mkono, moteri ikiwa imezimwa. Imezimwa kweli, si "inanguruma polepole": nimemwona kijana akiacha ncha ya kidole kwenye pinyo ya nyuma, lile gurudumu la meno linalobeba shene.

Halafu ulegevu. Yangu inataka milimita 20 hadi 30, ukipima katikati ya pinyo mbili, upande wa chini. Zungusha gurudumu upime sehemu nne au tano, maana shene haivutiki sawasawa, na hesabu yako iwe ya pale ilipokaza zaidi. Mwaka wangu wa kwanza na pikipiki hii niliikaza kama waya wa gitaa nikijiona fundi kamili, nikampakia shemeji tukaenda Likasi. Kumbe uzito ukikaa, mkono wa gurudumu la nyuma unapanda na shene inazidi kuvutwa. Tuliporudi, sili iliyo nyuma ya pinyo ya mbele ilikuwa inavuja, na utepe mweusi wa mafuta umefika hadi ukingoni mwa pine, yaani tairi. Shemeji alikuwa ameukalia mwendo mzima bila kujua. Nililipa sili, bearingi, na nauli ya kuvitoa Zambia.

Kujua kama shene yenyewe imechakaa, ivute ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa saizi 525 kama yangu, ikizidi milimita 319.4 inatoka, na pinyo zote mbili zinatoka nayo.

Breki ndizo zinazonifanya nigombane na wateja. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imelala. Msimu wa mvua yanakunywa zaidi. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishalowa, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabanwa, na mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani bila pikipiki kupungua mwendo. Angalia kikopo chake: yakiwa na rangi ya mafuta ya kupikia, sawa, yakifikia rangi ya chai kavu, umechelewa. Kitabu kinasema kila miaka miwili. Mimi nabadilisha kila mwaka mvua zikiisha, kwa chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana mpe mtu unayemchukia. Weka kitambaa chenye maji karibu, tone moja linakula rangi ya tangi.

Maji ya radiateri nayo ni miaka miwili: dawa yake na maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya kisima, yanaacha chokaa.

Supapi, yaani valvu, ni kila 24,000 kwa yangu; R6 inasubiri hadi 42,000. Moteri ilale usiku kucha ipoe, ndipo upime: za kuingiza 0.08 hadi 0.18 ya milimita, za kutoa 0.18 hadi 0.28. Wengi wanangoja zipige kelele. Supapi iliyobana haipigi kelele. Inakaa kimya huku ikiungua. Kazi hii mpe mwenye vipimo na subira, maana kubadilisha vipande vyake ni lazima kamshafti zitolewe.

Betri ikishuka chini ya volti 12.4, ichaji kwa chaja ndogo, si ile ya lori. Tangi liache limejaa.

Imebaki pine. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwake: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine ya umri huo inaweza kuwa na meno yote na bado isishike barabara. Upepo ni bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, ukipima kabla hujaondoka, pine zikiwa baridi. Na mwezi wa saba asubuhi hapa ni baridi ya kutoa moshi mdomoni, kwa hiyo kilomita kumi za kwanza naenda taratibu, bila kulala kwenye kona. Jumapili iliyopita nikiwa katika mwendo huo, Boxer yenye magunia mawili ya makala, yaani mkaa, ilinipita karibu na Karavia. Mwenyewe ni mteja wangu. Alipiga honi mara tatu.