Kampuni ya Programu Ikifilisika: Usisubiri Kama Nilivyosubiri Mimi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlioko Uingereza, nina neno moja na nitalirudia mpaka mnichoke: programu uliyolipia ikianza kuzimika-zimika, piga simu benki siku hiyohiyo. Usingoje barua pepe ya pili. Usingoje "matengenezo ya wiki mbili" yaishe. Mimi nilingoja zaidi ya miezi minne, na miezi hiyo ndiyo iliyonila.

Mwishoni mwa Februari 2022 nilimnunulia mdogo wangu programu ya kuendeshea duka. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini: saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Biashara ya kule mnaijua. Mtu anachukua bando zake za bati Aprili, na makubaliano ni kwamba korosho zikipita mnadani na pesa ikiingia kutoka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, atakuja kulipa. Kwa hiyo mali ya duka si ile iliyopangwa ukutani tu, ni yale majina. Mama mmoja wa Nanguruwe, bando tatu. Mwalimu wa Naliendele, saruji mifuko 40, ametanguliza kumi. Miaka yote majina yalikaa kwenye kaunta buku lenye gamba gumu, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mimi na akili zangu za Ulaya nikaona daftari ni ushamba.

Kampuni ilikuwa ya hapa Uingereza. Ofa yenyewe: lipa pauni 349 mara moja, tumia maisha. Hilo neno "maisha" nililisoma kama maisha yangu, au ya mdogo wangu, au basi hata ya duka. Kumbe ni maisha ya kampuni, na mtambo wake ulikuwa umebakiza mwaka na miezi minne. Hebu piga hesabu ambayo mimi sikuipiga: hao watu wanalipia seva kila mwezi, wewe umewalipa mara moja tu. Mwaka wa tatu seva italipiwa na nani? Ofa ya maisha mara nyingi hutolewa na kampuni inayotafuta mishahara ya mwezi huu.

Juni 2023 mdogo wangu akaniandikia: "Kaka, mtambo unazunguka tu, haufunguki." Nikawaandikia. Wakajibu siku hiyohiyo, kwa jina langu, wakaniomba radhi. Julai wakaomba radhi tena. Agosti wakasema wanahamisha seva na wananishukuru kwa uvumilivu. Septemba kimya. Oktoba msimu umeanza, korosho zinaingia maghalani, wadaiwa wetu ndio hao wanakaribia kushika pesa, na orodha yao imefungiwa kwenye seva nisiyojua hata iko nchi gani. Mwisho wa mwezi ndipo nikapiga simu benki.

Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza iliacha kufanya kazi lini, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ungenipigia Juni."

Sisi wa Kusini tumelelewa na barabara. Mnakumbuka kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikianza, basi la Dar linakwama kwenye tope la Rufiji, abiria wanashuka, wanapika, wanalala, kesho wanasukuma. Hakuna aliyemgombeza dereva. Tulijifunza kwamba anayengoja hufika. Huku kungoja kuna tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo hakuna anayekutajia mpaka imepita. Halafu kuna hii adabu yao. Kwetu mdeni anayekwepa unamjua: anazima simu, anabadili njia ya sokoni. Mdeni wa Kiingereza anakujibu vizuri, tena kwa wakati, mpaka siku ya mazishi ya kampuni. Mimi adabu ile niliihesabu kuwa dhamana, na haikuwa dhamana ya chochote.

Kadi gani ulilipia

Mimi nililipa kwa kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata kwenye akaunti yako moja kwa moja. Kwa kadi hiyo kinachokusaidia kinaitwa chajibeki: benki yako inairudisha pesa kutoka benki ya muuzaji. Si sheria ya nchi. Ni kanuni za mitandao ya kadi, Visa na Mastercard, na zina saa. Kwa kawaida una siku 120. Kwa huduma iliyokatika katikati, hizo siku huhesabiwa tangu ilipokatika, lakini zisipite siku 540 tangu ulipolipa. Zihesabu kwangu: nililipa mwishoni mwa Februari 2022, siku 540 zikaisha Agosti 2023. Zile 120 za tangu Juni zikaisha Oktoba. Nilipiga simu saa zote mbili zimeshagonga. Juni, hata Julai, nilikuwa ndani. Narudia: Julai nilikuwa ndani, na nilikuwa naandikiana nao barua pepe za kushukuriana.

Kadi ya mkopo ni habari nyingine. Kuna sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na Kifungu chake cha 75 kinasema ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, benki iliyokupa kadi inabeba lawama pamoja na muuzaji. Muuzaji akifa, unamdai aliyebaki hai. Si lazima ulipe chote kwa kadi hiyo; hata ukilipa sehemu ndogo tu, kinga inafunika bei nzima. Ila angalia, bei inayotazamwa ni ya kitu kimoja. Programu ya pauni 12 kwa mwezi haifiki pauni 100, hata ukiilipia miaka kumi. Na ukilipa kwa kupitia soko la mtandaoni au kampuni ya kati, benki inaweza kusema wewe na muuzaji hamkufungana moja kwa moja, ikakukatalia.

Sasa najua wengi wenu hamna kadi ya mkopo. Hata mimi sikuwa nayo, na sababu ni ileile: riba. Mama alinisindikiza uwanja wa ndege na wosia wa mambo matatu, na riba lilikuwa mojawapo. Siwezi kuwa sheikh wenu. Ninachojua ni kwamba kadi nyingi ukilipa deni lote kabla ya tarehe, manunuzi hayakatwi riba. Je, kuingia tu kwenye mkataba wenye sharti hilo ni sawa, muulizeni mnayemwamini. Lakini linaniuma kwamba katika nchi hii anayelipa kwa pesa yake aliyoitolea jasho ana kinga ndogo kuliko anayelipa kwa pesa ya benki. Nimeliwaza sana na sijalizoea.

Benki ikikukatalia, usizime simu ukalala. Andika malalamiko rasmi. Wana wiki nane za kukupa jibu la mwisho, na tangu jibu hilo una miezi sita kwenda Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya benki na wateja, bure. Mimi nilikwenda. Nilishindwa, kwa sababu siku zilikuwa zimepita kweli.

Jina la nani

Hapa ndipo penye mtego wa pili, na huu ni wetu sisi wa kutuma nyumbani. Nilifungua akaunti ya programu kwa jina la mdogo wangu na barua pepe yake, nikalipa kwa kadi yangu. Nani mnunuzi? Kwangu mimi ni familia moja, swali hilo halina maana. Kwao, mwenye mkataba ni mtu wa Mtwara na mwenye kadi ni mtu wa Leicester. Hata ningekuwa na kadi ya mkopo, Kifungu cha 75 kingeweza kuniponyoka hapohapo. Kadi yako, jina lako, barua pepe yako. Ndugu muingize ndani kama mtumiaji. Akinung'unika kwamba humwamini, mwache anung'unike.

Na ukinunua programu ya duka, si mtumiaji wa kawaida tena mbele ya sheria yao ya haki za watumiaji ya mwaka 2015. Sheria hiyo inagusa hata bidhaa za kidijitali, lakini inamlinda mtu anayejinunulia kwa matumizi yake. Duka ni biashara. Hili nililisikia kwa ofisa wa ushauri, nikahisi ameniambia nimekuwa tajiri siku mbaya.

Mfilisi

Companies House ni daftari lao la kampuni, kama BRELA ya kwetu, na kuangalia ni bure. Tafuta jina la kampuni, angalia kama hesabu zimechelewa, bonyeza sehemu ya kufuatilia ili kila karatasi mpya uletewe kwa barua pepe. Matangazo ya kufilisiwa hutoka kwenye The Gazette, gazeti lao rasmi la serikali. Ukiona wanaomba tu kufutwa kwenye daftari bila mfilisi (yule anayekusanya na kugawa mali iliyobaki), kuna takriban miezi miwili tangu tangazo, na mdai anaweza kupinga. Pinga. Kampuni ikifutwa, kilichobaki kinakwenda kwa Mfalme, na wewe huendi popote.

Mfilisi akiteuliwa, wewe unaitwa mdai asiye na dhamana. Foleni ni hivi: benki zenye rehani, gharama za mfilisi mwenyewe, wafanyakazi, kodi fulani za serikali ambazo tangu Desemba 2020 zimepandishwa mbele, halafu sisi. Dai lisilozidi pauni 1,000 mfilisi anaweza kulikubali bila fomu kama limo kwenye vitabu vya kampuni. Langu lilikuwemo. Kwa jina la mdogo wangu.

Halafu akaja mtu kwa simu, ana jina la kampuni na kiasi nilicholipa, anataka pauni 60 anirudishie zote. Mfilisi hakutozi ili akulipe. Kata simu. Ikaja pia barua ya waliolinunua jina la programu: karibu tena, sasa ni pauni 15 kwa mwezi. Wamenunua jina, ahadi ya maisha hawakuinunua, na kisheria wanaweza kununua hivyo.

Nyumbani

Shangazi zangu wa Mikindani hawakuamini. "Mzungu afilisike? Labda hukuwasiliana naye vizuri." Shangazi, nakupenda, lakini mzungu anafilisika, anakopa, anakimbia wadai, na kuna karatasi za kila siku zinazotangaza hivyo. Binamu mmoja wa Lindi akasema twende FCC, ile Tume ya Ushindani. FCC ina kazi yake Tanzania. Kampuni iliyokufa Uingereza haiogopi barua kutoka huko. Na shemeji akaniambia mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ina kila kitu. EFD ilitupa mauzo. Haikutuambia nani hajalipa.

Kilichotuokoa, kwa kiasi chake, ni tabia ya mdogo wangu ambayo ilikuwa ikinikera. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa ananitumia WhatsApp skrinishoti ya ukurasa wa madeni, ili nione kwamba haibi. Mimi nilikuwa sizifungui. Oktoba ile nilikaa sakafuni usiku mbili na simu, nikapandisha juu mpaka mwanzo, nikaandika jina baada ya jina kwenye Excel. Nyingine zilikuwa na ukungu, amepiga jua likiangaza kwenye kioo, unaona "Mwl." na tarakimu mbili. Tulipata kama robo tatu ya majina. Mama wa Nanguruwe alikuja mwenyewe na pesa yake yote kabla hajaulizwa. Mwingine, wa mjini kabisa, alimwambia mdogo wangu, "Mtambo wako si umesema sidaiwi?"

Basi kama umenunua programu ya namna hii kwa ajili ya nyumbani, fungua leo, tafuta sehemu ya kutoa data, toa faili ambalo Excel inaweza kulifungua, lihifadhi kwako na kwa ndugu. Kila mwezi. Kampuni isiyokuruhusu kutoa data yako usiinunue hata ikiwa bure. Na TRA, mamlaka ya mapato, wanataka kumbukumbu za miaka mitano. Kampuni kufa Uingereza si udhuru.

Walioko Marekani: kule barua ya kupinga malipo ya kadi ya mkopo ina siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, nayo iandikwe, usipige simu tu. Saa ni fupi zaidi ya yangu.

Mwaka huu mfilisi alimaliza kazi. Wadai wa daraja letu tulipata pensi mbili kwa kila pauni. Hundi ilikuja kwangu, pauni 6.98, imeandikwa jina la mdogo wangu, benki yangu ikaikataa. Nikampa rafiki aliyekuwa anakwenda likizo. Benki ya Mtwara nayo ikasema hundi ndogo hivyo ya pauni gharama yake inaizidi. Mdogo wangu ameibandika ukutani dukani, juu ya EFD, karibu na msumari anakoning'iniza kaunta buku.