SOMO: Kupika lami ya chenga za matairi

Naandika mara moja hapa kwa sababu kila wiki naulizwa jambo hilohilo: jinsi ya kupika lami yenye chenga za tairi, yaani mpira wa tairi uliosagwa, ya kuziba mashimo ya barabara. Hii ni njia ya Charles McDonald wa Phoenix, Arizona, miaka ya 1960. Naye alianza na viraka vya mashimo.

1. Chenga zisizidi milimita 2. Waya toa kwa sumaku, nyuzi pepeta.
2. Ziwe kavu kabisa. Chenga mbichi zikiingia kwenye lami moto, pipa hufura povu na kumwagika.
3. Kilo 18 za chenga kwa kilo 82 za lami.
4. Lami ifike nyuzi joto 180 za Selsiasi. Mimina kidogo kidogo ukikoroga. Simama upepo unakotoka.
5. Subiri dakika 45 hadi 60, moto uleule, mwiko usisimame.

Hapa ndipo nilipoharibu. Tulikuwa mtaa mmoja hapa Kisumu, wingu limepanda kutoka ziwani, nikashusha pipa baada ya dakika 15. Kwa macho ilikuwa tayari, nyeusi ya kung'aa. Kumbe chenga hazijavimba. Ziliendelea kunyonya mafuta ya lami zikiwa barabarani, kiraka kikakauka, na mvua za masika zilipokolea nilikuwa nang'oa kokoto kwa vidole. Watu walikuwa wamechanga pesa zao. Siku hizi nachota tone, nalipoza, nafinya chenga: ikiwa bado ngumu kama mchanga, narudi kukoroga. Ukiacha kukoroga zinazama chini. Ukipitisha nyuzi joto 200 kwa saa nyingi, mpira unayeyuka na lami inakuwa nyepesi.

6. Changanya na kokoto zilizopashwa moto, shindilia kabla haijapoa. Rola iwe ya chuma. Ya magurudumu ya mpira itanata.

MASWALI

Kondele_Boy: Fundi, nikikatakata tairi kwa panga si ni sawa tu?
— Hatua ya 1.

Kondele_Boy: Na nikiongeza moto iive haraka?
— Hapana. Soma ya 5 yote, si mstari wa kwanza.

Mama Njoro: Shikamoo fundi. Huku Nakuru mchana jua, alfajiri baridi. Mpira unasaidia nini hasa?
— Marahaba mama, umeuliza vizuri. Mpira unavutika na kurudi. Kwa hiyo jua likiwaka lami haisukumwi na malori, na baridi ikija haipasuki upesi. Masizi yaliyomo kwenye tairi nayo yanachelewesha lami kuzeeka. Lakini hauponyi maji yaliyotuama chini. Kata shimo pembe nne, toa tope, kausha kwanza. Kwenye udongo mweusi wa Ahero, bila mtaro kiraka chochote kitainuka.

Mama Njoro: Asante. Mabaki ya mafundi wa akala yanafaa?
— Ni mapande makubwa, mpaka yasagwe. Afadhali uende kwa wanaovalisha matairi upya. Wao hukwangua uso wa tairi tu, kwa hiyo makwanguo huwa hayana waya. Chekecha, baki na yale laini.

Jirani_Ahero: Wanauza kwa gunia au kilo?
— Mimi napimiwa kwa gunia. Ingiza mkono hadi chini kabla ya kulipa, unyevu hukaa huko.